Nusu Iliyobaki

Tuliambiwa tuje na chakula cha mchana.
Si cha sherehe, alisema Bi Saarikko kwenye simu,
leteni kile alichokuwa akila mtoto wenu
kabla ugonjwa haujaketi mezani.
Marjukka akaoka usiku kucha:
maganda membamba ya unga wa rai,
ndani wali wa maziwa,
juu siagi iliyopondwa na yai.
Akayafunga kwa taulo kama anayefunika kichanga.

Mimi ni dereva wa greda la theluji, hapa Kuopio.
Kazi yangu kusukuma kitu kando ili watu wapite.
Hiki sikuweza kukisukuma.

Eelis ana miaka kumi na mitano.
Huruka kutoka mnarani na mbao zake za theluji,
mwili umelala juu ya hewa.
Mwaka juzi kocha alimwambia: mwepesi hufika mbali.
Nami, baba mtu, nikacheka, nikaongeza:
basi punguza viazi.
Maneno matatu.
Nimeyahesabu kuliko yeye anavyohesabu
punje za wali.

Chumbani viti vitano, meza, saa ya ukutani,
dirisha na ziwa lililoganda.
Tuliketi kama tulivyozoea nyumbani:
mama karibu na sahani,
mimi karibu na mlango.
Bi Saarikko akatutazama kidogo,
akaniomba nihame.
Hatua nne tu. Goti langu likagusa la mke wangu,
nikashtuka, sikumbuki
liliguswa lini mara ya mwisho.

"Hapa hatumtafuti aliyewasha moto," alisema.
"Nyumba inaungua. Leteni maji."
Nilitaka sana kumwamini.

Eelis akalikata andazi vipande kumi na sita.
Akakwangua siagi, akaipaka ukingoni mwa sahani.
Akasema ameshiba. Akasema tumbo linauma.
Akasema mama amezidisha yai makusudi,
na sauti ile haikuwa yake,
ilikuwa ya karani wa forodha
anayekagua mizigo ya watu.

Marjukka akaanza, "Utaweza kidogo, mpenzi? Ungependa..."
"Mgonjwa haulizwi uji," nikamsikia mtu akisema,
kumbe ni mimi.
Nikairudisha siagi juu ya wali kwa kisu.
"Kula, mwanangu. Hiki, halafu kile. Hatutoki."
"Hatutoki," mke wangu akasema,
neno lile lile,
mara ya kwanza kwa miezi kumi.

Akaniita muuaji.
Akalia mpaka makamasi yakamfika mdomoni.
Nilitamani theluji imwagike, nipigiwe simu ya kazi,
niinuke na funguo mkononi.
Hakuna aliyepiga.

Venla, wa miaka tisa, akauliza
kama naye anatakiwa kumlisha.
"La," akajibiwa. "Wewe ni dada tu."
Basi akawa dada. Akaliegemea bega la kaka yake,
bega lenye ncha kama henga ya koti,
akamsimulia jinsi mbwa wa jirani alivyomeza glavu
na jinsi ilivyotoka siku ya pili, nzima,
vidole vyote vitano.

Kitu kikalegea usoni pa Eelis.
Si kicheko. Jirani yake kicheko.
Akameza.

Dakika hamsini na tatu, andazi moja na nusu.
Nilitaka kushangilia kana kwamba ameruka mita mia.
Bi Saarikko akatikisa kichwa: saa kumi kuna maziwa,
jioni kuna samaki,
na kesho asubuhi ataamka amesahau
kwamba aliwahi kuweza.

Usiku nikaiondoa mizani bafuni,
nikaiweka chini ya kiti cha greda.
Saa kumi alfajiri naisikia ikigonga chuma
kila ninapokata kona.
Taa za barabarani, chumvi, weupe usiokwisha.
Nyumbani Marjukka anapasha moto
nusu iliyobaki.
Nitarudi saa moja kasoro.
Buti nitavua mlangoni,
halafu hatua nne.